Evaristo Muyinda na Marimba ya Kabaka

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha na kazi ya marehemu Evaristo Muyinda, mpiga marimba, mpiga ndingidi na mwalimu wa muziki, aliyeutumikia muziki wa Buganda kwa miaka zaidi ya 50. Jina lake si geni kwa wataalamu wa muziki huko Vienna, Berlin na Edinburgh. Hapa kwetu Kampala, alikoifanya kazi hiyo, vijana wengi wanaoshindana katika sherehe za shule kwa kupiga marimba yale yaitwayo amadinda hawalijui kabisa. Hata hivyo, ufundi wanaouonyesha uliwafikia kwa sehemu kubwa kwa sababu mzee huyo alikubali kumfundisha kila aliyeketi mbele yake, wakati ambapo desturi haikumlazimisha kufanya hivyo.

Muyinda alizaliwa karibu na mwaka 1914 huko Nabbaale, katika Kyaggwe, mashariki ya Kampala. Siku hizo Kabaka wa Buganda alikuwa Daudi Chwa II, aliyerithi kiti mwaka 1897 akiwa mtoto mchanga. Mwaka 1939 Muyinda aliingizwa katika utumishi wa muziki wa Lubiri, yaani jumba la Kabaka lililoko juu ya kilima cha Mengo. Mwaka huohuo Daudi Chwa alifariki dunia, na mwanawe Edward Mutesa II akashika kiti akiwa kijana wa miaka 15. Basi bwana mkubwa ambaye Muyinda alimpigia muziki katika sehemu kubwa ya utumishi wake alikuwa ndiye huyo Mutesa II, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Uganda.

Inafaa tueleze utumishi huo ulikuwa wa namna gani, maana mtu anayefikiria bendi ya polisi au bendi ya densi atapotea njia. Kabaka hakuwa na bendi moja. Alikuwa na makundi mengi, na kila kundi lilikuwa na ala yake, mkuu wake na zamu yake ya kufika Lubiri. Kulikuwa na wapiga filimbi, walioitwa abalere. Kulikuwa na wapiga endongo, ile ala ya nyuzi nane iliyowambwa ngozi ya kenge. Kulikuwa na wapuliza mapembe ya vibuyu, amakondere. Kulikuwa na mpiga kinubi, omulanga, aliyeweza kukaa karibu na Kabaka kuliko wanamuziki wote na kumwimbia mambo ambayo diwani asingethubutu kuyasema. Kulikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa safu, ambazo 12 kati yake zilitengenezwa sauti mbalimbali kama vibao vya marimba. Wapigaji wanne walishughulikia hizo 12 na wengine wawili walipiga zile tatu zilizobaki. Na kulikuwa na marimba ya namna mbili: amadinda yenye vibao 12, na akadinda, marimba makubwa zaidi, ya vibao 17 au 22, ambayo ufundi wake ulishikwa na watu wa kijiji cha Kidinda.

Wanamuziki hao hawakulipwa mshahara wa mwezi kama karani. Malipo yao makubwa yalikuwa ardhi. Mtu alipewa kipande cha kulima na kuishi, na kipande hicho kikaendelea kukaa na ukoo au kijiji chake maadamu utumishi uliendelea. Kwa hiyo baba alimfundisha mwanawe au mpwa wake, na ufundi ukakaa palepale ardhi ilipo. Utaratibu huo ulilinda mambo mengi mazuri kwa muda mrefu. Nahodha John Hanning Speke, alipofika mbele ya Kabaka Muteesa I mwaka 1862, alikuta makundi ya wanamuziki yamekwisha jipanga vizuri katika ua wa mfalme. Lakini utaratibu huo ulikuwa na hatari iliyojificha ndani yake. Jambo linalojulikana na watu sita tu laweza kuzikwa pamoja na watu sita.

Sasa tuyatazame hayo amadinda yenyewe, kwani bila ya kuyafahamu hatuwezi kukipima kipaji cha Muyinda. Vibao vyake huchongwa kwa mti mgumu uitwao lusambya, kisha hulazwa juu ya mashina mawili ya mgomba yaliyokatwa mabichi. Kati ya kibao na kibao huchomekwa vijiti ili visigongane. Hakuna msumari wala sanduku. Mchezo ukiisha, vibao huondolewa vikawekwa ndani, na migomba hutupwa. Wapigaji ni watatu. Mmoja huketi upande mmoja, naye huitwa omunazi, ndiye anayeanza. Wa pili huketi akimkabili, naye huitwa omwawuzi, maana yake ni mwenye kugawanya, kwa sababu kila pigo lake huanguka katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenzake. Wote wawili hupiga kwa mikono miwili, sauti ya juu na ya chini pamoja. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vidogo vya mwisho, lakini kazi yake ni ya hila kupita zote: husikiliza sauti mbili nene kabisa zilizomo katika wimbo na kuzirudia huku juu kila zinapotokea.

Mwendo wake ni wa kasi mno. Mapigo ya wawili wale wa kwanza yakiunganishwa hupita 500 kwa dakika. Mtu mmoja hawezi kuyapiga peke yake hata akiwa na mikono ya chuma, na hilo lenyewe ni jambo la kutafakari: wimbo wa amadinda hauko kwa mtu yeyote. Omunazi ana nusu, omwawuzi ana nusu, na kila nusu ikisikika peke yake haifanani na wimbo wowote anaoujua Mganda. Nusu hizo zikikutana ndipo wimbo huzaliwa. Zaidi ya hayo, kila mpigaji huhisi kwamba pigo lake ndilo la msingi na la mwenzake ndilo lililo katikati. Mwanafunzi aliyezoea kufuata pigo moja la kiongozi, kama tunavyofanya katika kwaya, hupotea mara moja. Muyinda alikuwa na njia moja tu ya kulitibu tatizo hilo. Alimfundisha mwanafunzi sehemu ya omunazi mpaka mikono ikaijua hata macho yakiwa kwingine, halafu yeye mwenyewe akaketi upande wa pili akaingia katikati bila kumwonea huruma. Aliyeweza kustahimili bila kuyumba alikuwa amevuka mto.

Kuna jambo jingine katika sauti za marimba hayo. Sisi tuliosoma nyimbo za kanisani au za shule tumezoea ngazi ya sauti saba ambazo hatua zake si sawa, nyingine ndefu na nyingine fupi. Ngazi ya Kiganda ina sauti tano, na hatua zake zinakaribia kuwa sawasawa. Aliyelithibitisha jambo hili kwa vipimo alikuwa Dakta Klaus Wachsmann, ambaye mwaka 1950 alichapisha katika jarida la kisayansi la Nature, huko London, makala fupi juu ya kinubi cha Kiganda kilichopangwa kwa hatua zilizolingana. Kwa kuwa hatua zinalingana, wimbo uleule waweza kuanzishwa kwenye kibao chochote ukasogezwa juu au chini, na umbo lake lisiharibike. Hilo ndilo Waganda huliita miko, na wapigaji wa Lubiri walilitumia kwa ustadi mkubwa.

Wachsmann tuliyemtaja ana sehemu kubwa katika habari hii, na tunamwomba msomaji atuvumilie tukiondoka Mengo kidogo. Alizaliwa Berlin mwaka 1907. Kwa bahati, huo ndio mwaka aliofariki katika mji huohuo Joseph Joachim, mpiga fidla mashuhuri wa Kihungaria aliyezaliwa mwaka 1831 na kuongoza chuo cha muziki cha Berlin kwa miaka karibu 40. Tunamtaja Joachim kwa sababu maisha yake yanatusaidia kuona tofauti. Fundi wa namna hiyo katika Ulaya ya karne ya 19 aliweza kufa bila ya hofu juu ya kazi yake. Nyimbo zilikuwa zimechapwa katika vitabu, chuo kilikuwa na majengo na walimu, na serikali ilikilipia. Fundi wa Lubiri alikuwa na mikono yake na kumbukumbu yake, basi.

Wachsmann alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na Ujerumani ya Hitler haikumfaa. Alifika Uganda mwaka 1937 na kufanya kazi ya elimu katika misheni. Mwaka 1948 alikabidhiwa Jumba la Makumbusho la Uganda, akaliongoza mpaka mwaka 1957. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1908, likahamahama, kwanza katika ngome ya Lugard huko Old Kampala, baadaye Makerere, mpaka mwaka 1954 lilipopata jengo lake la sasa pale Kitante, lililosanifiwa na Ernst May. Wachsmann hakutaka jumba la vitu vilivyokufa ndani ya vioo. Ngoma isiyopigwa, kwa maoni yake, haijaonyeshwa. Hivyo akawaleta wapigaji wakae jumbani, wapige mbele ya wageni na wanafunzi wa shule, waeleze na kujibu maswali. Evaristo Muyinda alikuwa mmoja wao, naye ndiye aliyedumu na kujulikana kuliko wote.

Hebu tufikirie maana ya hatua hiyo kwa mtu wa Lubiri. Ndani ya ua wa Kabaka kila pigo lilikuwa na mwenyewe. Hapa Kitante mtoto wa shule kutoka Gulu, mwalimu kutoka Toro, mama wa Kihindi na wanawe, mtalii wa Kizungu na kofia yake, wote walisimama mbele ya marimba yaleyale, na fundi akawaonyesha kwa mikono yake jinsi vibao vinavyopigwa. Wapo watakaouliza kama hilo halikuwa kuuza urithi. Sisi hatuoni hivyo. Muyinda hakuacha utumishi wa Kabaka. Aliendelea kuwa mtu wa Lubiri na mtu wa makumbusho kwa wakati mmoja. Aliona kuwa kumfundisha mtoto wa Gulu hakumpunguzii Kabaka kitu.

Wala hakuwa mtu wa marimba peke yake. Alipiga ndingidi, ile ala ya uzi mmoja na upinde ambayo watoto wa Kampala huiona mikononi mwa waimbaji wa harusini. Baadhi ya wageni huiita fidla ya Kiafrika, na kwa kweli udugu upo: uzi unakwaruzwa kwa upinde, na kidole cha mkono wa kushoto ndicho kitafutacho sauti. Lakini ndingidi haina mbao wala shingo iliyochongwa kwa mapambo. Ni mkebe wa mti uliowambwa ngozi na kupitishwa kijiti. Isitoshe, ndingidi si ala ya zamani sana katika Buganda. Ilienea mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa sababu hiyo haikuwa na kundi la kale wala ardhi ya kale. Ilikuwa ala ya wananchi. Alipiga pia filimbi, na vile vile budongo, ile ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, akahamishia humo nyimbo za marimba.

Kutokana na ujuzi huo mpana, Muyinda alifanya jambo ambalo wazee wa Lubiri wasingelifanya. Aliziunganisha ala zilizokuwa zikikaa mbalimbali, amadinda na filimbi, ndingidi na endongo, kinubi na ngoma, zikapiga wimbo mmoja pamoja. Kundi hilo likaitwa okestra ya Kiganda. Leo mpangilio wa namna hiyo tunauona kila mahali, katika vikundi vya ngoma vya hoteli na katika shule za bweni, hata tunadhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Kintu. Si hivyo. Ni uzushi mpya, na katika wazushi wake jina la Muyinda liko mbele. Mtu anayependa mambo ya kale yabaki kama yalivyokuwa aweza kuulalamikia uzushi huo, na malalamiko yake yana haki kiasi: filimbi sita za abalere zikisikika peke yake zina heshima ambayo hupotea zikichanganywa na kelele za ngoma. Lakini uzushi huohuo ndio uliozipeleka ala hizo mashuleni.

Mwishoni mwa mwaka 1959 alifika Kampala kijana wa Kiaustria, Gerhard Kubik, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1934, mpiga klarineti katika muziki wa jazi. Alikuwa amesafiri Afrika kwa kuomba lifti barabarani. Kijana huyo hakuwa na fedha wala ofisi, ila alikuwa na masikio. Alijiweka chini ya Muyinda akajifunza amadinda kama mwanafunzi wa kawaida, siku baada ya siku, akipiga na kukosea. Kwa kuwa alijua sawasawa mikono ya kila mpigaji ilifanya nini, aligundua jambo la ajabu. Alipoketi pembeni na kusikiliza kanda alizonasa, alisikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja aliyezipiga.

Maelezo yake ni haya. Sauti zikimiminika kwa kasi kubwa na kurukaruka kati ya juu na chini, sikio halifuati mkono wa mtu. Hukusanya sauti nene na kuzifanya wimbo mmoja, hukusanya za katikati na kuzifanya wimbo wa pili, na nyembamba wimbo wa tatu. Nyimbo hizo zimo katika muziki wenyewe, wala hakuna aliyezikusudia kwa mkono wake. Na kwa kuwa Luganda ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, Mganda anayesikiliza husikia ndani yake maneno. Watunzi wa kale walijua hilo fika. Walipanga mikono ya wapigaji ili maneno yatokee hewani. Wimbo kama Olutalo olw'e Nsinsi, unaokumbusha vita vya kale huko Nsinsi, humsemesha asikiaye hata pasipo na mwimbaji. Kubik aliyaandika hayo mwaka 1960 katika jarida la African Music, na kuanzia hapo muziki wa Lubiri ukaingia katika mafunzo ya vyuo vikuu duniani.

Hakuwa mwanafunzi wa mwisho. Peter Cooke, Mwingereza aliyefundisha Uganda katika miaka ya 1960, alijifunza muziki huu na kuuandikia. Katika miaka hiyohiyo Lois Anderson, Mmarekani, aliuchunguza mpango wa miko, akautolea tasnifu ya udaktari mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mtu asiyekuwa na cheti cha chuo chochote alikuwa sasa anatajwa katika vyeti vya madaktari.

Kisha ukaja mwaka 1966. Mgogoro kati ya Serikali Kuu ya Milton Obote na Buganda ulikuwa umefikia ukomo wake. Tarehe 24 Mei majeshi yaliyoongozwa na Kanali Idi Amin yalilishambulia jumba la Mengo. Vita vilichukua saa kadhaa. Kabaka Mutesa aliruka ukuta, akapata njia ya kutoka nchini, akafika Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Watu wengi walipoteza maisha yao. Na katika moto na uporaji uliofuata, ala nyingi za kifalme ziliharibika: ngoma, mapembe, vinubi. Wanamuziki waliosalia walitawanyika, wengine wakaficha kabisa kwamba waliwahi kuwa watu wa Lubiri. Mwaka uliofuata Katiba mpya ikafuta falme zote za Uganda. Ardhi ya utumishi ilikosa mwenye kuitetea. Makundi yale, ambayo yalikuwa yamesimama tangu kabla ya Speke, yalikuwa hayana mtu wa kumpigia.

Msomaji atakumbuka tulivyosema juu ya jambo linalojulikana na watu sita. Hatari ile sasa ilikuwa kweli tupu. Ngoma za entenga zilinyamaza. Katika muda wa asubuhi moja kazi ya vizazi ilikosa mahali pa kukaa. Lakini amadinda hayakunyamaza, na sababu yake ni wazi. Hayakuwa tena Lubiri peke yake. Yalikuwa Kitante, kilima kingine cha Kampala, ambako Muyinda alifanya kazi. Yalikuwa katika shule ambako walimu walikuwa wamekwisha jifunza. Yalikuwa katika kanda za Wachsmann na Kubik, na katika vitabu ambamo mapigo yalikuwa yameandikwa kwa tarakimu, kibao kwa kibao. Majeshi yalichoma vibao. Hayakuweza kuchoma mikono ya wanafunzi waliokuwa majumbani kwao.

Tusifikiri kwamba miaka iliyofuata ilikuwa rahisi kwa mzee huyo. Serikali ya Amin kuanzia mwaka 1971, vita vya mwaka 1979, na vita vya miaka ya 1980 viliwakuta watu wote wa Kampala. Wageni wa makumbusho walipungua, na fedha ya umma ilipungua zaidi. Mpiga marimba aliyekuwa akila kwa ufundi wake alilazimika kutegemea shamba. Muyinda aliendelea. Alifundisha Nabbaale nyumbani kwake, alipiga na wenzake waliokuwa wamebaki, akarekodiwa tena na tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kiholanzi ya Pan Records ilitoa sahani yenye jina lake, ikiwa na muziki wa Baganda kama ulivyopigwa zamani mbele ya Kabaka. Anayetaka kuisikia mikono yake mwenyewe na aitafute sahani hiyo.

Wakati huo matunda yalikuwa yanaonekana mahali ambapo hata yeye asingetazamia. György Ligeti, mtunzi mkubwa wa Kihungaria, alisoma maandishi ya Kubik na kusikiliza muziki wa Afrika katika miaka ya 1980, na athari zake zimo katika kazi zake za piano za miaka hiyo. Karibu zaidi na kwetu, Justinian Tamusuza, Mganda aliyezaliwa mwaka 1951 na kusomea utunzi Marekani, aliandika wimbo uitwao Mu Kkubo Ery'Omusaalaba kwa ajili ya fidla mbili, viola moja na selo moja. Kikundi cha Kronos Quartet cha San Francisco kiliupiga, na mwaka 1992 ukatoka katika sahani yao ya Pieces of Africa, iliyosikilizwa mno Marekani na Ulaya. Humo mapigo ya mpigaji mmoja huingia katikati ya mapigo ya mwenzake kama omunazi na omwawuzi. Ala ya Joachim ilikuwa imejifunza kupiga Kiganda.

Evaristo Muyinda alifariki dunia mwaka 1993. Ndio mwaka ambao Serikali ilirudisha falme, na tarehe 31 Julai Ronald Muwenda Mutebi II, mwana wa Mutesa II, akatawazwa kuwa Kabaka pale Naggalabi, Buddo. Baada ya miaka 27 Buganda ilikuwa tena na Kabaka wa kupigiwa marimba, na wapigaji hawakukosekana.

Upande wa entenga ulikuwa tofauti. Nyimbo zake nyingi ni zilezile za amadinda, lakini ufundi wa kupiga ngoma 12 kwa watu wanne ulikuwa haujapata mtu wa kuufungulia mlango kama Muyinda. Kwa karibu miaka 50 hazikusikika. Mwalimu James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipoanza kuitafuta upya, katika muongo wa pili wa karne hii, alikuta mpigaji mmoja tu wa Lubiri ya Mutesa II aliye hai, mzee sana. Zikachongwa ngoma mpya, kwa kuwa za zamani hazikuwapo. Vijana wakaitwa, na mzee huyo akaanza kuwafundisha.